Kioo cha Apolinari Msibani Nkowe

Mlango wa kwanza uliomtia Apolinari mashaka na dunia ulikuwa mlango wa nyumba yao wenyewe, pale Nkowe. Ulitengenezwa na mjomba wake, Protasi, seremala aliyeheshimika vijiji vyote vya jirani kwa sababu seremala mwingine hakuwapo. Mlango ulikuwa haufungi. Ukiusukuma juu, chini unatoa mguu nje kama mlevi. Ukiupiga teke chini, juu unakutolea kichwa. Kuku walipita, mbwa wa jirani walipita, na mwaka mmoja nguruwe pori alichungulia, akaona hali ya maisha ya mle ndani, akaondoka zake.

"Mjomba, kwa nini haufungi?"

"Mlango umenyooka," alijibu Protasi bila kupepesa macho. "Nyumba ndiyo imepinda."

Wapo wanasayansi wanaosema walianza kwa kutazama nyota. Apolinari alianza kwa kutazama upenyo wa mlango. Asubuhi jua lilipochomoza lilipenya pale, nene juu, jembamba chini, na mtoto akaelewa jambo ambalo wakubwa walilikwepa kwa adabu: mjomba anaongopa, mwanga hauongopi.

Hata hivyo Protasi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi mbaya tu. Na kwa Wamwera mtoto ni wa mjomba. Baba ni mgeni mheshimiwa. Korosho za Protasi ndizo zilizompeleka Apolinari sekondari ya misheni, na ni Protasi aliyempakia kwenye baiskeli mpaka Ruangwa kupanda lori siku alipokwenda chuo kikuu, mahali ambapo vijana huingia na maswali na kutoka na njaa. Apolinari alitoka na vyote viwili, na shahada ya fizikia juu yake. Mwaka tisini na moja Wajerumani wakampa nafasi ya kusoma zaidi. Akaenda, akapata udaktari, akaimaliza miaka ya tisini huko huko akipima vyuma kwa mwanga.

Kazi yenyewe, ukiivua majoho, haina makuu. Unachukua kioo kinene cha mviringo, ukubwa wa kisahani cha chai, kilichosuguliwa kikanyooka kuliko kitu chochote utakachokigusa maishani mwako. Unakilaza juu ya chuma kilichong'arishwa. Unawasha taa ya manjano, manjano tupu isiyochanganyika na rangi nyingine. Basi juu ya chuma inajichora michirizi: mweusi, wa manjano, mweusi, wa manjano, kama mkeka. Michirizi ikinyooka, chuma kimenyooka. Ikipinda, chuma kimepinda, na mpindo wenyewe unakwambia ni kwa kiasi gani, kiasi kidogo ambacho ukitaka kukishika itabidi uupasue unywele mmoja vipande mia mbili. Huko Ulaya injini na pampu na mitambo ya hospitali ilisubiri Apolinari ainame, achungulie, aseme ndiyo au hapana. Raha iliyoje kwa mtu aliyekulia nyuma ya mlango ule!

Nkowe walimwelewa kwa namna yao.

"Mpwa wako anafanya nini huko?" waliuliza wenzake Protasi.

"Anapima mwanga."

"Kwa mizani au kwa debe?"

"Kwa Kijerumani," alijibu Protasi, na mjadala ukafungwa, kitu ambacho milango yake haikuweza.

Apolinari alirudi mwaka tisini na tisa. Waliomuuliza sababu aliwaambia kuwa kule milango yote inafunga, na inafunga vizuri mno. Mtu unaweza kukaa mwezi mzima bila kuchunguliwa na jirani. Akaoa Albina, mwalimu wa sekondari Nachingwea, mwanamke mwenye kicheko cha kusikika mpaka sokoni, akaapa moyoni kuwa hang'oki tena.

Sasa Nachingwea ni mji uliozoea miradi mikubwa. Waingereza walikuja na matrekta kulima karanga, karanga zikakataa. Reli ikaja, reli ikang'olewa. Kwa hiyo mwaka elfu mbili na tatu kampuni moja ya Dar ilipofungua karakana ya vipuri vya pampu, watu wa mji walipiga makofi kwa mkono mmoja, mwingine wakauweka akiba kwa siku ya kuwaaga. Karakana ilitengeneza pete za chuma, zile zinazokaa mbili mbili ndani ya pampu, uso kwa uso, kuzuia kisichotakiwa kutoka kisitoke. Wateja wakuu walikuwa wakamuaji wa mafuta ya maganda ya korosho. Mafuta hayo ni makali. Yakikudondokea, ngozi inabanduka kama ganda la muhogo wa kuchemsha. Uso wa pete ukipinda hata kidogo, pampu inavuja, na mtu anaungua.

Apolinari alipewa chumba chake, akakiita chumba cha mwanga. Kilikuwa ndicho chumba chenye giza kuliko vyote pale karakana. Humo alikuwa na kioo chake, stendi yake na taa yake ya manjano kutoka Ujerumani, na humo alistarehe kama samaki majini. Asubuhi anapima, mchana anakula ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, na chai kwa mama ntilie wa getini, jioni anasikiliza Albina akiwaigiza walimu wenzake. Hakutaka zaidi. Mtu ambaye hataki zaidi huwasumbua sana wakubwa, hawajui wamtishe kwa kitu gani.

Lakini Fidel alikijua. Fidel alikuwa mkurugenzi kutoka Dar, mzaliwa wa Moshi, mtu wa kuvaa tai hata kwenye joto la Novemba. Umeme wa Nachingwea siku hizo ulitoka kwenye jenereta za dizeli, ukawa na tabia za mume wa mtaa: unaondoka bila kuaga na unarudi kwa fujo. Kila ulipoondoka, taa ya manjano ilizimika na pete zikalala bila kupimwa.

"Daktari," alisema Fidel, "taa hii ikituangusha tena, chumba kinahamia Dar. Na wewe unahama nacho."

Haikupita muda. Mwaka elfu mbili na tano, msimu wa korosho umepamba moto, umeme uliondoka, ukarudi kwa hasira, ukaiunguza taa. Nchi nzima hakuna nyingine. Zilikuwa zimebaki pete mbili tu, za pampu ya wakamuaji wa Ruangwa, hazijapimwa. Fidel akapiga simu.

"Nakuja na pikapu. Stendi, kioo, kila kitu. Mwambie mwalimu wako aombe uhamisho."

Apolinari hajaiweka simu chini, ikalia tena. Mara hii ilikuwa Nkowe. Mjomba Protasi amefariki.

Akatia kioo chake begini, kimefungwa kwa flana, pamoja na pete mbili za Ruangwa, zisije zikapelekwa bila kupimwa. Kukiacha karakana hakuthubutu. Kuna siku alikuta vijana wamekifunikia chai. Kesho yake alfajiri akapanda nyuma ya bodaboda, begi kifuani. Hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo Mmwera asiyekaa Ulaya asingelifanya hata akiwa amelewa: alikwenda na kitu anachokipenda mahali penye watani.

Maana mtani msibani si mgeni wa kukaa mkekani na kuguna. Mtani ana kazi. Anamsema marehemu, anawaiga waliao, ananyakua atakacho, na hakirudishi mpaka wenye msiba wamridhishe. Na Wamwera wana watani wengi, lakini kwa siku hiyo alitosha mmoja: Kornel, mwalimu wa shule ya msingi ya pale, Mngoni wa Songea, mwembamba, mwenye sauti ya parapanda.

Apolinari alimkuta Kornel amelala kaburini chali, mikono kifuani, jeneza linasubiri juu na katekista amekunja uso.

"Haingii mtu humu!" Kornel alipiga kelele kutoka shimoni. "Kaburi limepinda! Nani kalichimba, yeye mwenyewe?"

Waombolezaji wakacheka huku machozi yanawatiririka. Hata mama yake Apolinari, Makrina, dada wa marehemu, alijifunika kanga mabega yakimtikisika.

"Mtani, toka, tumzike mwenzetu," wakamsihi.

"Babu zangu waliwakimbiza babu zenu mpaka wakapanda miti. Leo mnanikimbiza mimi kwenye shimo?" Akainua kichwa, akamwona Apolinari. "Haa! Na huyu mpwa Mjerumani, mbona kakumbatia begi kama kuku anayeatamia? Kafa mjomba, yeye analilia begi!"

Akaruka kutoka shimoni kama chura, akalinyakua. Kufumba na kufumbua flana imefunguliwa, kioo kiko juu ya kichwa cha Kornel, kinameremeta.

"Kioo! Jamani, kumbe alikwenda Ulaya kujitazama!"

"Mtani, rudisha," alisema Apolinari. Mpaka hapo alikuwa salama.

"Mjomba wako kafa bila kuiona kazi aliyokusomeshea. Basi kioo kinazikwa naye. Akajitazame huko."

"Mwalimu," Apolinari akasema, sauti imepanda, "hicho ni chombo cha kisayansi. Ukikikwaruza, nakupeleka polisi!"

Mtani hakasirikiwi. Unaweza kumkasirikia baba yako, padri wako, hata mvua, mtani hapana. Kisha kicheko kikapasuka ambacho marehemu lazima alikisikia.

"Ameniita mwalimu!" Kornel alikuwa karibu kulia kwa furaha. "Amenitajia polisi! Mashahidi mpo?"

"Tupo!"

"Faini inapanda!"

Mama Makrina akamvuta mwanawe pembeni, kwa Kiswahili chake cha Nkowe. "We ntoto, unankasirikia ntani? Huko Ulaya walikunyonyoa akili kama kuku? Nenda kaombe nsamaha."

Akaomba. Akatoa mbuzi. Kornel akampokea mbuzi, akamshukuru mbuzi, akamruhusu Protasi aingie kaburini, lakini kioo akakitia ndani ya shati lake, akafunga vifungo mpaka shingoni.

Mazishi yalipokwisha na ubwabwa unapakuliwa, ikafika pikapu. Fidel akashuka, tai imemkaba. Alikuwa amepita Nachingwea kwanza. Stendi ya kioo ilikuwa tayari imefungwa kamba nyuma ya gari kama mbuzi wa pili. Akatoa pole, akatoa rambirambi, kisha akamsogelea Apolinari.

"Samahani kwa wakati huu. Kioo kiko wapi?"

"Kwenye shati la yule bwana."

Fidel akamwendea Kornel, mkono tayari kwenye pochi. "Nikupe nini unirudishie?"

"Wewe wa wapi?"

"Moshi."

"Basi kaa ule ubwabwa, baba. Mimi na wewe hatuna utani, wala sina haki ya kukutukana, ingawa natamani." Akamgeukia Apolinari. "Mtani, nikusikilizishe masharti. Mjomba wako alituambia miaka yote unapima mwanga. Tukamcheka. Leo utupimie, hapa hapa, tuone kama tulimcheka kwa haki. Ukishindwa, kioo nakining'iniza ukutani nyumbani kwangu, nakinyolea ndevu."

"Taa yangu imeungua."

"Si mwanga unaupima wewe? Au unapima taa?"

Watu wakaguna kwa kuridhika. Apolinari akataka kueleza habari za taa maalumu, akaacha. Alikuwa amekumbuka kitu alichofundishwa mwaka wa kwanza chuoni na ambacho baada ya Ujerumani aliona aibu hata kukitaja, kama mtu aliyepata viatu anavyoona aibu kutaja katambuga. Chumvi. Chumvi ya kawaida ya mezani, ukiichoma kwenye moto wa spiriti, inatoa manjano yaleyale, manjano tupu. Taa yake ya Kijerumani kwa ndani haikuwa na siri nyingine.

"Mama," aliuliza polepole, "ile nipa yako, unayo?"

Nipa ni pombe ya mabibo ya korosho iliyochujwa kwa moto. Serikali haiipendi. Mama Makrina akamtazama katekista, katekista akatazama angani, ambako inaonekana palikuwa na jambo muhimu.

"Ya kwanza, au ya kuchanganya?"

"Ile inayowaka ukiitia kiberiti."

"Mwanangu," mama alisema, amekwazika, "hiyo ni nipa yangu yote."

Wakaingia jikoni, kibanda cha udongo kilichomea masizi. Blanketi likatundikwa mlangoni ili jua lisiingie. Apolinari akamimina nipa kwenye kifuniko cha sufuria, akalowesha kitambaa, akakimwagia chumvi kiganja kizima. Akawasha.

Moto ukapanda wa manjano, na papo hapo dunia ikabadilika. Mwanga wa rangi moja hauna huruma: kanga nyekundu zikawa nyeusi, midomo ikawa ya kijivu, nyuso zote zikawa nyuso za maiti wa wiki iliyopita.

"Mama yangu, tumekufa wote!" akapiga kelele mwanamke mmoja, akatoka mbio, blanketi likamfuata. Likarudishwa. Aliyetoka naye akarudi, maana hofu ni kitu kimoja na kukosa kuona ni kingine.

"Kioo," alisema Apolinari akinyoosha mkono.

Kornel akafungua vifungo kimoja kimoja, akakitoa. Apolinari alikigeuza karibu na moto, akakikagua. Jasho la Kingoni lilikuwepo tele. Mkwaruzo haukuwepo hata mmoja. Akakifuta, akatoa pete ya kwanza begini, akakilaza juu yake taratibu kama anayemfunika mtoto. Akasubiri. Michirizi ikatokea.

"Inama, mtani."

Kornel akainama. Alikaa hapo muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa kimya tangu ahamie Nkowe.

"Imenyooka," akasema kwa sauti ndogo. Kisha, kwa kuwa mtani hawezi kuondoka hivihivi, akainuka. "Lete patasi ya marehemu!"

Patasi ya Protasi ilijulikana. Aliinoa kila jioni, akaing'arisha mpaka ikawa kioo, akawaambia watu imenyooka kama maji ya mtungini. Ikaletwa. Apolinari akasita, chuma cha kunolewa kingeweza kukikwaruza kioo. Lakini watu wote wa msiba walikuwa mlangoni, akaifuta, akaifuta tena, akakishusha kioo juu yake.

Michirizi ikaja, yote imepinda kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.

"Marehemu alikuwa mwongo!" Kornel akatangaza nje kwa parapanda yake. "Mwanga umesema! Haikuwa nyumba, ilikuwa patasi!"

Msiba ukalipuka. Mama Makrina alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, kilio kile cha kweli ambacho tangu asubuhi kilikuwa kimekataa kumtoka. Apolinari naye, ameinamia mbavu zile za manjano, akaona machozi yake mwenyewe yakidondokea patasi. Maisha yake yote alikuwa anajibizana na fundi huyu, na fundi amekwenda.

Akajifuta, akageukia kazi. Moto ulikuwa bado unawaka na pete ya pili haijapimwa. Akaikagua. Akamwita Fidel.

Fidel akainama, tai yake ikiogelea karibu na moto mpaka Kornel akaishika ncha yake kwa heshima kama anayemshika bibi harusi. Akatazama pete moja, akatazama ya pili.

"Zote ndiyo?" aliuliza.

"Zote ndiyo."

"Daktari, hii si njia ya kitaalamu. Ni gongo na chumvi."

"Mwanga hauna habari umetoka kwenye chupa gani, bosi. Michirizi ni ileile. Umeme ukikatika, huu haukatiki."

"Ukikatika, bosi, mama anapika mwingine," alidakia Kornel.

Fidel akasimama. Alikuwa mtu wa tai lakini hakuwa mjinga. Huwa tunadhani ni kitu kimoja. "Ruangwa ni karibu," akasema. "Tuzifunge kwenye pampu yao leo leo. Zikivuja, stendi inaendelea na safari. Zisipovuja, tutaongea."

Wakapanda pikapu. Kornel alipanda nyuma bila kualikwa, akakaa juu ya stendi, akisema msiba bado ni wake.

Pale kwenye ukamuaji, fundi wa Ruangwa alizifunga pete, akakaza, akawasha. Pampu ikakohoa, ikashika, mafuta meusi ya maganda yakaanza kupanda bombani. Fundi alikuwa na mkono wa kushoto wenye makovu mekundu kutokana na pete za zamani, kwa hiyo alirudi nyuma kwa mazoea. Wote wakarudi nyuma isipokuwa Apolinari. Yeye alitia kiganja chake chini ya pampu, mahali hasa ambapo mafuta hudondoka, akakiacha hapo.

"Kitoe, utaungua!" Fidel akapiga kelele.

Hakukitoa. Pampu ilinguruma. Kornel alianza mzaha, akaumeza katikati. Injini ikaendelea kuvuta, mpaka pipa lile likajaa na la pili likasogezwa, ndipo Apolinari akakichomoa kiganja na kukigeuza juu, mbele ya macho ya Fidel.

Kilikuwa kikavu.

Fidel akakigusa kwa kidole chake mwenyewe, kama mnunuzi anayekagua korosho. Kisha akailegeza tai, akamwambia dereva ageuze gari: Nachingwea, stendi ikashushwe. Kuhusu taa mpya aliahidi kuagiza, na mpaka ifike, karakana iwe na akiba ya "spiriti ya maabara" kutoka Nkowe, iandikwe hivyo hivyo, na mtu asimuulize yeye kitu.

Apolinari alifika nyumbani jua linakaribia kuzama, nguo zinanuka moshi, nipa na msiba. Albina alimnusa mlangoni, akarudi nyuma hatua moja.

"Baba, umemzika mjomba au umemnywa?"

"Hatuhami," alisema Apolinari.

Kicheko cha Albina kikafika sokoni.